Nani anaamka usiku?
Maneno yetu kwa wanamemba juu ya matunzo ya wazee

(Tuliyasema mu mkutano wa wanamemba wa Kasongo pamoja na wajumbe waliotoka Kabambare. Komite ilituomba tuyaandike karibu sawa vile tulivyoyasema.)

Poleni na safari, zaidi ninyi mliovuka Luama na ile mvua.

Komite imetuita sababu kuna mjadala, na mjadala umekuwa moto. Wamoja wanataka feza ya kesi nyekundu, pamoja na ile ambayo ndugu zetu walio mbali wameahidi, ijenge nyumba ya wazee hapa Kasongo. Wengine wanasema ni haya kubwa: mzee ni wa kukaa na watoto wake. Mbele ya kupiga kura mlituuliza sisi watu wa tereni: wazee waliorudi na sisi wanatunzwa vizuri ao hapana? Na mtu anajuaje?

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Kuna nyumba moja, jina lake hatutalisema wala mahali ilipo, inayopokea wazee wasio na mtu. Tulienda kuitembelea na fomu ya maswali 40. Tulipiga simu siku mbili mbele, sawa watu wenye adabu. Tulipofika, kiwanja kimefagiwa, vitanda vimepangwa, chandarua ziko, daftari ya majina imeandikwa vizuri. Wazee 9 wamekaa mu kivuli, kila mmoja na kitenge kipya juu ya magoti. Tuliuliza koko mmoja, mama wa Kabambare: "Koko, unakula vizuri?" Akajibu: "Tunashukuru Mungu." Tukaandika: ndiyo. Ile nyumba ikapata alama nzuri, tukarudi kulala tukiwa na furaha.

Kumbe mmoja wetu alisahau koti lake la mvua. Asubuhi, saa kumi na mbili, tukapita kulichukua, bila simu. Harufu ilitupokea kwenye mlango. Kijana mlinzi alikuwa peke yake, alikuwa amefunga mlango tangu jioni. Wazee watatu walikuwa wameloa. Yule koko alikuwa anaomba maji, na kijagi cha maji kilikuwa pale pale, kwenye dirisha, hatua mbili kutoka kitanda. Kwa mtu asiyeweza kusimama, hatua mbili na safari ya Kindu ni kitu kimoja. Tulipomsaidia kugeuka tuliona kidonda kwenye nyonga, kikubwa sawa kiganja cha mtoto. Kitenge kipya kilikuwa kimekifunika. Jana yake tulikaa karibu naye, tukamwuliza habari ya chakula mbele ya mwenye kumpikia. Mlitaka ajibu nini?

Kile kidonda hakikuja ile usiku moja. Tulipokuwa tunaandika "ndiyo" kilikuwa pale.

Tangu ile siku tumebadilisha namna ya kufanya, na ndiyo tunataka kuwaeleza. Ku chuo kikuu tulisoma habari ya munganga mmoja, Avedis Donabedian, mwandishi wa mwaka 1966. Alisema ukitaka kupima matunzo angalia mambo matatu: vitu vilivyopo, kazi inayofanyika, na hali ya mtu nyuma ya ile kazi. Tulilisoma, tukalijibu ku mtihani, tukapata pointi. Halafu tukaja tereni na fomu iliyouliza karibu yote juu ya vitu: vitanda vingapi, vyoo vingapi, daftari iko? Vitanda havigeuzi mtu usiku.

Na hapa Kasongo kwetu tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Wakubwa wanakumbuka miaka ya 1970, wakati wanganga wa hapa na wale wa chuo cha dawa za tropiki cha Antwerp walifanya kazi pamoja mu vituo vya afya vya Kasongo. Mu 1981 gazeti la wanganga la Lancet lilichapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua. Hawakutosheka kuhesabu watoto waliochomwa sindano. Waliuliza: watoto waliochanjwa, ni wangapi wanaendelea kuishi? Ni swali hilo hilo tunalolitaka kwa wazee.

Sasa tunafanya hivi. Tunafika mara mbili, na mara moja hatutoi habari. Tunafika asubuhi mapema, mbele maji ya kuoga hayajapashwa moto. Hapo ndipo usiku unaonekana. Tunazungumza na mzee peke yake, na kama ni mama, mwanamke mwenzetu ndiye anayekaa naye. Kama anasikia Kibangubangu vizuri kuliko Kiswahili, tunatafuta mtu wa Kibangubangu, asiyekuwa wa ile nyumba. Hatuulizi tena "unatunzwa vizuri?" Mzee aliyekimbia vita mara mbili ao tatu, akabebwa mu tipoyi, akala chakula cha watu, amejifunza kushukuru, ile "tunashukuru" yake si jibu, ni salamu. Tunauliza: "Jana usiku ulipotaka kwenda haja, ulimwita nani? Alikuja? Ulingoja sana?" Mama mmoja alitujibu: "Siitake mtu. Nangojaka jua." Katika hayo maneno machache kuna raporti nzima.

Halafu tunaangalia mwili, kwa ruhusa na kwa heshima. Kucha. Midomo, kama imekauka. Nguo, kama zinaning'inia kuliko mwezi uliopita. Na ngozi pale mfupa unapokaa karibu: kiuno nyuma, nyonga, visigino. Hapa mutusikilize vizuri, sababu vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Weka mkono: pahali panapoanza kuharibika panakuwa na joto kuliko pembeni, ao pagumu, ao pamelegea, na mzee anasema panauma. Ukipashika hapo, bado unaweza kuokoa. Mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe karibu kila saa mbili, mchana na usiku, asilale kwenye maji, na ale kitu cha kujenga mwili: maharagi, karanga, samaki, siyo bukari na sombe tu. Kikiisha kufunguka, ni kazi ya kituo cha afya. Musiweke majani wala unga wa vidonge.

Kuna jambo lingine munaweza kufanya hata bila sisi. Munganga wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walitoa mu 1963 orodha fupi ya kazi sita za kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani, kuzuia haja, na kula. Siku mzee anapofika, andika ni zipi anazozifanya mwenyewe. Nyuma ya miezi mitatu, andika tena. Uzee unapunguza mtu, tunajua, hatutamshitaki mtu juu ya uzee. Lakini mzee aliyeingia anatembea na fimbo, na leo hatoki kitandani, ni lazima mtu aeleze. Mara nyingine utasikia: "Tulimkataza kutembea asianguke." Ndiyo namna miguu inakufa.

Tuseme neno juu ya yule kijana mlinzi, sababu mu kijiji wameisha kumhukumu. Alikuwa peke yake na watu 9. Hakuna mtu aliyemfundisha kugeuza mgonjwa. Mshahara wake ulikuwa umechelewa miezi. Alipotuona hakukimbia, alituomba sabuni na gan za mikono. Mkimfukuza huyo na kuweka mwingine kwa hali ile ile, mtapata kidonda kile kile.

Na ninyi mnaosema mzee akae na jamaa, tusijisifu upesi. Tumeingia mu nyumba za jamaa pia, huku Kasongo na kule Kabambare, na Salamabila. Tumeona mapendo ambayo hayawezi kununuliwa: mwanaume anayempakata baba yake hadi mtoni kila asubuhi, akimwosha akimwimbia. Tumeona pia koko aliyewekwa mu jiko la nyuma, sahani yake ikiachwa chini, kwa kuwa wenzake wa rika walikufa mu vita na yeye akabaki, watu wakasema alikula miaka yao. Huyo ana watoto, ana wajukuu, ana kila kitu isipokuwa mtu wa kumgusa. Na tumeona binti wa miaka 12 aliyetolewa shuleni amtunze bibi mzaa baba yake. Bibi alikuwa msafi, ngozi nzuri, ameshiba. Kwa fomu yetu ni alama za juu. Nani alilipa? Yule binti.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 40, inasema watoto wako na deni la kusaidia wazazi wao. Kifungu cha 49 kinampa mzee haki ya ulinzi wa pekee. Vyote viwili viko mu karatasi moja. Hakuna mahali panaposema mjukuu wa miaka 12 abebe vyote viwili.

Wengi kati yenu mlikaa Nyarugusu, mnaijua Tanzania. Kule Zanzibar kuna nyumba za wazee za serikali, Sebleni na Welezo, lakini tangu Aprili 2016 serikali ya kule inampa pia pensheni ya kila mwezi kila mzee wa miaka 70 na zaidi, hata asiyewahi kufanya kazi ya ofisi. Ilianza na shilingi 20,000. Si nyingi. Lakini feza inamfuata mzee pale anapolala. Sisi si serikali, tuko na kesi nyekundu na michango. Hata hivyo tunaweza kuuliza sawa wao: feza ifuate ukuta, ao imfuate mzee?

Mliuliza maoni yetu, haya hapa. Mbele tofali la kwanza halijalazwa, komite isome mbele yenu majina ya watu watakaoamka usiku, na iseme watalipwa na nini ku mwezi wa saba, wakati furaha ya kufungua nyumba imeisha. Kama hakuna majina, msijenge. Sasa hivi, kesi nyekundu inaweza kulipa sabuni, mpira wa kutandika kitandani, na mama mmoja jirani anayekuja siku moja kwa juma ili mwenye kutunza alale ao aende shamba. Na yule binti arudi shule. Hiyo tunaiomba mbele ya yote, na tunaiomba leo.

Juu ya koko wa Kabambare: muuguzi wa kituo cha afya anakuja kumfunga, kidonda kinapungua polepole. Tulisogeza kijagi karibu na kitanda, mkono wa kuume. Kesho yake akatuambia: "Wanangu, mumesogeza vizuri, lakini huu mkono hauinukake." Hatukuwa tumemwuliza. Sasa kiko kushoto.

Matembezi yataanza Jumanne. Tunatafuta wamama wanne wanaosikia Kibangubangu, wenye tochi. Watakaokubali waandikishe majina kwa sekreteri mbele hamjatoka, sababu mvua inarudi na wa Kabambare wanapaswa kuvuka mapema.