Kitambaa cha Kiti cha Pikipiki: Tazama Mgongo Kabla ya Rangi



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kitambaa cha kuvishia kiti cha pikipiki. Kwa kijana ambaye riziki yake yote hutoka juu ya kiti hicho, jambo hili si dogo. Kiti kilichochanika hunywa maji ya mvua, na abiria aliyelowa nguo leo, kesho humwita dereva mwingine. Kiti kinachoteleza nacho humsukuma mbele mama aliyebeba mtoto, breki inapokamatwa ghafla.

Kuanzia Mkinga hadi Pangani, kiti hupambana na maadui watatu: jua, unyevu na chumvi ya bahari. Kwa hiyo kitambaa kinachodumu kwenye kochi la sebuleni si lazima kidumu kijiweni.

Wengi wetu huvisha viti kwa ngozi bandia, nayo iko ya aina mbili kubwa. Moja hupakwa poliyurethani. Ni laini mkononi, inapendeza, na hutumika sana kwa mikoba. Lakini joto na unyevu vikikutana huidhoofisha taratibu, hata tabaka la juu likabanduka kama magamba ya samaki. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Nyingine hupakwa PVC, plastiki ya jamii moja na ile ya mabomba ya maji. Hii huvumilia maji vizuri zaidi. Adui yake ni jua, ambalo huondoa vilainishi vilivyomo, ikakakamaa na kupasuka. Kwa mazingira yetu, PVC nene iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje ndiyo chaguo la busara.

Ngozi halisi huota kuvu katika unyevu wetu. Turubai ni imara, lakini halivutiki, hivyo hukunjamana kwenye pembe za kiti. Vitambaa vya manyoya hushika jasho na maji, na huchelewa kukauka.

Ufikapo dukani, usianze na rangi. Kwanza geuza kitambaa utazame mgongo wake. Ukiwa umefumwa kwa namna inayovutika kama fulana, kitakaa vizuri kwenye mapindo ya kiti. Pili, kunja kipande na kukibana kwa vidole: mstari mweupe ukibaki, au ufa ukionekana, kiache. Tatu, pitisha kiganja juu yake. Chagua chenye vinyweleo au mikwaruzo kidogo, kwa kuwa kilicho laini mno huteleza, hasa kikilowa. Rangi iwe ya mwisho, mkikumbuka kwamba nyeusi hupata moto kuliko rangi za kufifia.

Hata kitambaa bora huharibiwa na ushonaji mbaya. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mwombeni fundi apeleke mishono pembeni mwa kiti, si katikati mahali pa kukalia, na atumie uzi wa nailoni au poliesta, kwani uzi wa pamba huoza. Kabla ya kuvisha, sponji ikaushwe kabisa, kisha ifunikwe kwa nailoni. Sponji iliyooza ibadilishwe. Kuivisha kitambaa kipya ni kuficha maradhi. Pini za kubania zisiwe za kushika kutu, maana zikiliwa na chumvi, kitambaa huachia chini kungali kuzima juu.

Kwa kawaida mita 1 ya kitambaa hutosha kiti kimoja. Tofauti ya bei kati ya kitambaa hafifu na kilicho bora huonekana kubwa siku ya kununua. Lakini anayevisha mara mbili hulipa kitambaa mara mbili, hulipa fundi mara mbili, na hupoteza siku mbili za kazi.

Jambo la mwisho ni usalama. Msikubali kiti kirefushwe ili kibebe watu zaidi. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na kiti kizuri ni kile kinachomfikisha huyo mmoja salama, akiwa mkavu, na akiwa tayari kukuita tena.