Shibe, Njaa na Akiba ya Mwili



Mada yetu ni akiba ya mwili. Imezoeleka miongoni mwetu kumhesabu mtu mnene kuwa ndiye mwenye afya na neema. Tuwatazame wanyama, kisha tujipime.

Tuanze na jirani zetu wa Bunda. Baina ya Mei na Julai makundi ya nyumbu hupita upande wa magharibi wa Serengeti. Wavukapo Mto Grumeti, mamba hula wakashiba. Nyumbu wakishaondoka, mamba huweza kukaa miezi mingi kwa chakula kidogo mno. Huyaweza hayo kwa kuwa anayo akiba ya mafuta, tena hatumii chakula kujipasha joto, huota jua.

Ama kamongo, wavuvi wa Musoma na wa kinamasi cha Mto Mara, kule Kirumi wilayani Butiama, wanamjua vyema. Ni samaki mwenye mapafu. Maji yakikauka huweza kuchimba tope, akajikunja na kujifunika kwa ute unaokauka mfano wa ngozi. Mwanasayansi wa Marekani, Homer Smith, alitangaza mwaka 1930 matokeo ya kumchunguza: katika hali hiyo mwili hupunguza mno matumizi ya hewa. Lakini zingatieni gharama yake. Kamongo huila nyama ya mwili wake mwenyewe, hata akatoka topeni amekonda.

Dubu wa nchi za baridi, ambaye kwetu hayupo, ni kinyume chake. Kabla ya baridi hula karibu mchana na usiku. Kisha huingia pangoni, akakaa miezi mitano hata saba pasina kula, kunywa wala kwenda haja. Huchoma mafuta, na misuli yake hupungua kidogo tu, kwani urea, ile taka ambayo sisi huitoa katika mkojo, mwili wake huigeuza tena kuwa protini. Hamu ya kula nayo humtoka. Katika miezi hiyo insulini hudhoofika kazi mwilini mwake, mithili ya mgonjwa wa kisukari. Joto likirejea, hali hiyo huondoka bila dawa.

Hapa ndipo penye hoja yetu: mwanadamu hakupewa mlango huo wa kutokea. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, mjini New York, waligundua homoni ya leptini, ambayo mafuta ya mwili huitoa ili kuujulisha ubongo kiasi cha akiba. Kwa wanene wengi homoni hii ni tele, ila ubongo hauitikii ipasavyo. Sisi twaweka akiba Januari hadi Desemba, kwa chai ya sukari nyingi na kazi ya kukaa kitako, na msimu wa kuitumia haufiki.

Basi tuondoke na mambo matatu. Kwanza, kitambi si cheti cha afya. Tupimwe sukari na shinikizo la damu. Pili, mwenye kisukari asithubutu kuacha dawa au kujinyima chakula siku kadhaa kwa kuiga wanyama. Amwulize daktari kwanza. Tatu, tusimcheke mnene kwamba ni mlafi. Hamu ya kula ina mizizi mwilini, na anayepambana nayo anahitaji msaada wetu, kuanzia katika sahani tunayomwandalia nyumbani.