Mchango Unaojenga

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mkwiro)



Mchango mnaujua. Kila mtu akitoa kidogo, birika la maji ya mvua linajengwa na maji yanakuwa ya wote. Leo nawaletea mchango wa namna nyingine: programu huria za kompyuta. Maandishi yake yako wazi. Yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha.

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Programu iitwayo Ushahidi ilianza hapa Kenya Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili habari za wananchi zionekane kwenye ramani. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Iko pia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza Uingereza mwaka 2004, inayochorwa na watu wa kawaida. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuingiza humo njia, vyoo, shule na zahanati za mtaa wao. Nasi tunaweza kuingiza za Mkwiro, ili anayeleta msaada bila kukijua kisiwa ajue pa kushukia.

Lakini mchango waweza kujenga au kubomoa. Basi tushike haya.

Kwanza, tazama kabla ya kushika. Huenda mwenzio amekwisha kuifanya kazi hiyo.

Pili, ukiona kosa, lieleze sawasawa. Ukimwambia fundi, "Injini mbovu," hujamsaidia. Mwambie: inawaka vizuri, ikipata moto inazima, tangu tulipobadilisha plagi. Na programu ni vivyo hivyo: ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini?

Tatu, usiingize jambo usilo na hakika nalo, wala usinakili ramani ya kampuni. Hiyo ni mali ya wenyewe. Ukibuni jina la njia, mwingine atapotea.

Nne, kubali kusahihishwa. Kila badiliko linaandikwa limefanywa na nani. Mtu akigeuza ulichoweka, muulize sababu. Usimfutie yake kwa hasira.

Tena, kabla ya kuanza, kikundi kikae na wazee kiamue ni yapi yasiingizwe. Yakishaingia, dunia nzima itayaona: mahali pa heshima, hata penye samaki. Uamuzi huu asiachiwe kijana mwenye simu peke yake.

Na asiyejua kompyuta asiseme hana cha kutoa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hapo ilibidi kutafuta maneno, na maneno ni mali yetu. Hapa Mkwiro mzee ndiye ajuaye majina ya miamba na njia. Kijana na aandike.

Basi, mkutano ujao kila kikundi kilete majina ya mahali kumi, yaliyokubaliwa na wote. Tuanzie hapo.