Mdudu wa Mtoni Hahongeki

Leo tumzungumzie mtu ambaye jina lake halijulikani sana kwetu, ingawa miguu yake ililowa katika mito yetu. Naye ni Profesa Noel Hynes, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2009. Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza mawe ya mtoni na kutazama ni nani anayeishi chini yake.

Huenda mtu akauliza: profesa mzima na vijidudu vya mtoni, wapi na wapi? Ni swali la haki. Na jibu lake linatuhusu hasa sisi wakazi wa mijini.

Hynes alianza na kundi la wadudu liitwalo kitaalamu Plekoptera. Mabuu wao huishi chini ya mawe, katika maji baridi yaendayo kasi na yenye oksijeni ya kutosha. Oksijeni ikipungua, hao huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya kupambana na nzige huku Afrika Mashariki. Vita ilipokwisha alifundisha Chuo Kikuu cha Liverpool, na mwaka 1964 akahamia Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada.

Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya viumbe wa maji yaliyochafuliwa. Ndani yake alieleza jambo ambalo kila mwenyeji wa mjini angefaa kulijua. Maji ya vyooni yakimwagwa mtoni, bakteria huuozesha uchafu ule na kumaliza oksijeni. Hapo husalia minyoo myembamba. Mbele kidogo huonekana mabuu wekundu kama damu, kwani wana rangi ile ile iliyo katika damu yetu, nayo huwasaidia kushika oksijeni kidogo iliyopo. Mbele zaidi, mto ukishapata nafuu, wapenda maji safi hurejea. Ajuaye kuwasoma viumbe hao hutambua uchafu ulipoingilia.

Sasa tazama tofauti yake na chupa ya vipimo. Chupa hueleza habari za dakika ile ilipojazwa. Mtu akifungulia bomba lake usiku wa manane, mkaguzi afikapo asubuhi uchafu umekwisha kwenda zake na maji. Lakini buu amekaa pale wiki nyingi, pengine miezi. Usiku ule alikuwapo. Ni shahidi asiyepokea bahasha.

Katika kazi hii ya utangazaji nimehudhuria mikutano ambako mwananchi husimama na kusema mto unanuka, naye mwenye mamlaka humjibu kwa karatasi ya vipimo kwamba hali inaridhisha. Mwananchi hana karatasi, basi hukaa chini. Elimu ya Hynes ingempa mama yule jambo la kujibu: twende tukageuze mawe.

Wala elimu hiyo si ya Ulaya peke yake. Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, Hynes na wenzake walikuwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon wakichunguza kaa wa mtoni. Kwa nini kaa? Kwa sababu watafiti waliokuwa Kenya walikuwa wamegundua, mwaka 1950, kwamba mabuu wa aina moja ya usubi, inzi mdogo aenezaye ugonjwa unaopofusha watu, hujishikiza kwenye mwili wa kaa hao. Kumbe macho ya binadamu yalifungamana na mgongo wa kaa!

Huko Kanada, yeye na mwanafunzi wake walifuatilia majani makavu yaangukayo mtoni. Kuvu huyaota na kuyaongezea protini, ndipo wadudu huyala, na wadudu huliwa na samaki. Hivyo anayekata miti ya ukingoni huwanyang'anya chakula viumbe wa majini. Katika mhadhara wake wa mwaka 1974 Hynes alisisitiza kwamba huwezi kuuelewa mto ukiuacha mbali na bonde lake. Mto ni mtoto wa bonde. Atakavyolelewa ndivyo atakavyokuwa.

Tuchukue Msimbazi wetu hapa Dar es Salaam. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji, unaingia baharini karibu na Daraja la Salender. Tukisimama darajani tukaulaumu mto kwa harufu yake, tunamwonea. Yaliyomo ndani yake ni yetu: taka za mitaa, maji ya vyoo, mabaki ya viwanda na udongo wa vilima vilivyovuliwa miti.

Habari njema ni kwamba vipimo vya namna hii tunavyo. Mwaka 2015 ilichapishwa mbinu iitwayo TARISS, ya kuipa mito ya Tanzania alama kwa kutazama wadudu na viumbe wadogo waliomo. Hukinga wavu, humwaga ulichokipata kwenye sinia, kisha hutambua makundi yaliyomo.

Rai yangu ni hii: pale matokeo ya vipimo vya maji yanaposomwa hadharani, na hesabu ya wadudu isomwe pamoja nayo. Karatasi inaweza kuandikwa upya. Mawe yaliyohamwa hayaandikiki upya.

Hadi juma lijalo, kwaherini.