Banda la Gemu Lina la Kutufundisha

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili



Kila tunapokutana kuzungumzia vijana, banda la gemu hutajwa kama adui. Leo naomba tulitazame upya, kwa kufuata historia ya mashindano ya Evo huko Marekani.

Mwaka 1996, katika ukumbi wa mashine za gemu za kutumbukiza sarafu mjini Sunnyvale, California, vijana wapatao 40 walikusanyika kushindana katika Street Fighter. Waandaaji walikuwa wachezaji wenyewe. Mwaka 2002 mashindano yalipewa jina la Evo, na mwaka 2005 yakahamia Las Vegas. Siku hizi huvuta maelfu ya washiriki.

Yamekua kwa sababu gani? Kwanza, mlango uko wazi. Anayelipa kiingilio hucheza, na mgeni anaweza kupangwa na bingwa. Pili, utaratibu una huruma. Ukishindwa mara moja hutolewi; unahamia kundi la walioshindwa, na ukikaza mwendo unaweza kufika fainali. Ukishindwa mara ya pili ndipo unatoka. Tatu, kila mtu huleta alicho nacho. Wachezaji wa Super Smash Bros. Melee, gemu ya mwaka 2001, kwa miaka mingi wamebeba TV za chogo hadi ukumbini, kwa kuwa picha zake hazichelewi.

Mwaka 2013 waandaaji walibakiza nafasi ya gemu moja, wakasema itapatikana kwa michango ya utafiti wa saratani ya matiti. Zilikusanywa zaidi ya dola 225,000. Wapenzi wa Melee peke yao walitoa zaidi ya dola 94,000, na gemu yao ikachaguliwa. Hao ndio vijana tunaosema hawajali.

Mwaka 2019 ubingwa wa Tekken 7 ulichukuliwa na Arslan Ash kutoka Lahore, Pakistan. Hakujisifu peke yake. Aliwataja wenzake wa nyumbani kuwa ni wachezaji hodari. Kipaji kilikuwepo siku zote, kilichokosekana ni nafasi.

Lakini ndugu zangu, kuna somo chungu. Mwaka 2020 mashindano ya Evo ya mtandaoni yalifutwa baada ya mmoja wa viongozi wake wa tangu mwanzo kutuhumiwa mwenendo mbaya wa kingono. Aliondolewa madarakani. Kazi iliyojengwa kwa kujitolea na kuaminiana ilitikisika, kwa sababu kuaminiana peke yake si ulinzi.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Wajumbe, fungueni ukumbi wa parokia mchana mmoja kwa mwezi, na muwaachie vijana wenyewe kupanga ratiba na kuamua mechi. Wafadhili, kabla ya kuuliza TV ngapi zinahitajika, ulizeni kwanza: ni watu wazima gani wawili watakuwepo muda wote, kanuni zimeandikwa wapi, na mtoto mwenye malalamiko atamwendea nani?

Vijana wetu tayari wanakusanyika. Linalobaki ni sisi kuamua kama watakusanyika mbele ya macho yetu au mbali nayo.