Picha Ukutani

 Kaeni karibu na redio, na karatasi za somo ziwe wazi mbele yenu. Aliye na miwani na aivae.

Leo twazungumza juu ya picha za nyumbani: jinsi ya kuzichagua na mahali pa kuzitundika. Labda mtu atauliza, "Mkulima wa viazi na maharagwe atafaidi nini kwa picha?" Jibu ni hili. Katika nyumba nyingi iko picha moja tu ya marehemu baba au bibi. Ikiharibika, hakuna nyingine. Wajukuu hawataujua uso wake. Basi somo hili si la mapambo tu.

Maadui wa picha ni watatu: unyevu, moshi na jua. Huku kwetu milimani Usambara, unyevu ndio mkubwa wao. Ukungu huingia ndani, na wakati wa masika ukuta wa udongo hunywa maji. Picha iliyobanwa kwenye ukuta kama huo huota kuvu. Picha ya kamera iliyogusana na kioo hunata. Ukiibandua, uso wa mtu hubaki kwenye kioo.

Tufanyeje? Fuateni pamoja nami, polepole.

Kwanza, usitundike picha kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Chagua ukuta wa ndani, unaotenga chumba na chumba.

Pili, gundisha vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu, kwenye pembe za chini. Hapo hewa itapita kati ya picha na ukuta.

Tatu, weka ukingo wa karatasi nene kati ya kioo na picha, ili visigusane.

Nne, weka picha mbali na meko, na jua lisiipige, maana jua hufifisha rangi. Tena, kioo kikielekeana na dirisha, utaona dirisha badala ya picha. Ukuta ulio ubavuni mwa dirisha ndio bora.

Msumari haushiki vizuri katika ukuta wa udongo. Funga kamba kwenye boriti, picha ining'inie. Na isiwe juu mno. Mgeni wetu huketi. Basi mketishe mtu kitini, kisha weka picha juu kidogo ya macho yake. Picha iliyo karibu na dari huonwa na mijusi tu.

Sasa, tuchague picha gani? Chagua unayoipenda wewe, si ile aliyonayo jirani. Kama dini yako hairuhusu picha za viumbe, tundika maandishi mazuri au mkeka wa rangi. Chungu kilichofinyangwa vizuri na mama wa Kisambaa nacho ni pambo. Kiweke juu ya rafu, mahali penye mwanga.

Msidhani kwamba picha nzuri hutoka Ulaya tu. Mwaka 1968, mjini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya ubao wa dari, kwa rangi ya baiskeli. Hakusomea uchoraji shuleni. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unaendelea mpaka leo, nao huitwa kwa jina lake. Picha ya rangi kama hiyo haihitaji kioo. Ipanguse kwa kitambaa. Lakini nyuma ya ubao hunywa maji, basi paka rangi huko pia.

Kazi ya nyumbani: leo hii shusha picha moja, itazame nyuma. Ukiona madoa, ikaushe kivulini. Kama ni picha ya pekee ya mzee wako, mpelekee mpiga picha atoe nakala, nawe uifungie sandukuni. Kisha andika nyuma yake jina la mzee na kijiji chake, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Sasa unajua kuandika. Usiwaachie watoto picha isiyo na jina.

MANENO YA KUSOMA: unyevu, kuvu, kizibo, ukingo, boriti, nakala.

MASWALI
1. Maadui wa picha ni wangapi? Wataje.
2. Kwa nini picha isiguse kioo?
3. Ukuta upi wa nyumba yako wafaa?

Kwaherini mpaka somo lijalo.