Aliyebeba Mzigo Hakuandikwa

Juma hili nawapeleka mbali kidogo, katika mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, Marekani.

Mwaka 1799 mabaharia wa mji huo waliunda chama chao. Hakukubaliwa mtu ila aliyekwisha kuvuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn akiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Chama kilisaidia wajane na mayatima wa wanachama, kikakusanya habari za njia za bahari, na kikahifadhi vitu vya ajabu kutoka ng'ambo ya rasi hizo. Kisha wakajenga ukumbi, East India Marine Hall. Ulipofunguliwa Oktoba 1825, Rais John Quincy Adams alihudhuria. Ukumbi huo ungali umesimama, ndani ya makumbusho ya Peabody Essex.

Mtauliza, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 akaja Unguja konsuli wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mtu wa Salem. Meli zao zilileta kitambaa tulichokiita merikani, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Sandarusi ikawa vanishi. Pembe zikawa vitana na vibao vya kupigia piano.

Tuulize basi, nani aliyelipa? Pamba ya merikani ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Pembe zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa pia. Orodha ya vitu iliyochapishwa na chama mwaka 1821 ilitaja nahodha aliyetoa kitu. Aliyekichonga, kwa kawaida, hakutajwa.

Hata hivyo, wenzetu wametunza. Sisi je? Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, lilikuwa makumbusho ya pwani yetu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, watu wawili wakafa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na safari hii ukuta umetutoza roho za watu.

Kutengeneza jumba ni kazi ya serikali. Kuandika majina ni kazi yetu. Kama nyumbani kwenu yuko mzee anayejua ni nani katika ukoo aliyebeba pembe au aliyechimba sandarusi, mkalisheni, mwandike.

Hadi juma lijalo, kwaherini.